Kila Cheusi Kitoke

Jumatatu, 13 Machi 1995. Kibiti.

Leo imetua ndege isiyo na rangi. Bati tupu! Inang'aa hadi mbuzi wa jirani yangu Badru wamekimbia. Mtaa mzima tuliifuata uwanjani, mimi mbele. Evaristo, yule muuza soda aliyetoka bara na redio yake, akatangaza kwamba tajiri wa ndege ameishiwa, hata rangi imemshinda. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kufikiri.

Rubani ni Kapteni Zefania. Mpole. Kanieleza kwamba rangi nayo ni mzigo. Ndege ikiachwa wazi inakuwa nyepesi, inabeba zaidi. Ila lazima ing'arishwe kila mara, maana chumvi ya huku inaitia madoa. Kampuni ni ya mtu binafsi, siku hizi ruksa. Itapeleka kamba wa Salale Dar, kwa kuwa barabara imeshageuka tope. Inatafuta wakala hapa Kibiti, na tajiri anakuja Ijumaa kuchagua.

Wakala! Moyo umenidunda. Zuena mke wangu yuko Mohoro kwa kaka yake Sadala tangu kabla ya mfungo. Alivumilia mradi wa bata. Alivumilia mradi wa barafu. Walioharibu ni kaa wa Salale, mradi wa tatu, walipotoka kwenye matenga wakaingia ndani ya chandarua chetu. Alisema atarudi nikipata kazi ya kueleweka na kuachana na mipango. Uwakala si mpango. Ni kazi.

Jumanne, 14 Machi.

Nimempelekea Zuena salamu kwa dereva wa lori. Nimesema kazi nimeshaipata. Sikuongopa, nimetangulia tu.

Evaristo naye anautaka uwakala. Kavaa tai! Katika joto hili! Kamfuata Kapteni kutwa nzima na soda baridi. Kujipendekeza kwa namna ile kunanitia kichefuchefu. Mimi nimempelekea ndizi.

Jumatano, 15 Machi.

Kapteni kaenda Salale kwa boti kusimamia kamba wake. Kaniomba mimi, si Evaristo, niangalie ndege. Kasema niipanguse vumbi kwa kitambaa laini. Basi.

Kitambaa! Nimekaa nikawaza. Huu ni Mfungo Mosi, harusi kila upande. Wanawake wako mtoni na masufuria ya pilau, wanasugua masizi kwa mchanga na majivu. Mkuu wao ni Bi Semeni. Sufuria likitoka mkononi mwake unaweza kunyolea ndevu. Na ndege ni nini kama si alumini?

Nimekwenda kwake na adabu zangu zote. Kauliza ni sufuria la nani. Nikamweleza kwamba ni ndege. Kafikiri kidogo, kauliza kama iliungua. Mwisho kakubali, kwa sharti kwamba yeye na wenzake warushwe angani siku moja. Nimekubali kwa niaba ya kampuni.

Alhamisi, 16 Machi.

Wamekuja asubuhi na mchanga, majivu, ndimu na makumbi ya nazi. Vigelegele! Wameanza na tumbo, kama wafanyavyo kwa sufuria, maana masizi hukaa chini. Nimesimama pembeni na kofia yangu mpya. Tajiri angenikuta pale angenipa uwakala hapo hapo.

Bi Semeni kaniita kutoka mkiani, kauliza kuhusu weusi uliogandia huko. Wakati huo nilikuwa namweleza Evaristo wajibu wa wakala. Nikajibu bila kugeuka kwamba kila cheusi kitoke. Baadaye kaniambia kilikuwa kigumu, wamepokezana wanawake watatu. Kimetoka.

Alasiri Kapteni karudi na makreti ya kamba. Katazama tumbo. Katazama mkia. Kakaa chini kwenye nyasi.

Lahaula! Kumbe ule weusi ulikuwa namba ya usajili wa ndege. Bila ile hairuki, akirusha anakamatwa. Na mchanga umeacha mikwaruzo kila mahali. Nimemwambia herufi mbili nazikumbuka vizuri, na lami ninayo. Kaniomba nisimame mbali naye. Kaniomba kwa heshima, lazima niseme.

Ijumaa, 17 Machi.

Barafu imeyeyuka, kamba wamepelekwa harusini kabla hawajaoza. Kibiti nzima imekula pilau la kamba. Bwana harusi kanishukuru mbele za watu. Tajiri kafika na Landrova imejaa tope, hata salamu hakuniitikia. Wakala ni Evaristo. Ile tai!

Zuena kaja baada ya swala. Kavuka kivuko na furushi lake, kavaa khanga mpya. Nilitaka twende nyumbani moja kwa moja. Hakutaka. Njiani alishasikia yote, akataka kuiona ndege.

Kaizunguka. Ubavuni, pale Bi Semeni aliposugua kwa mkono wake mwenyewe, kajiona mzima, kichwa hadi miguu. Nyumbani kioo chetu ni cha kiganja. Kajigusa shavu. Kisha kasema hakujua kama amekonda kiasi hiki.

Nikamwambia ni ubavu wa ndege, umepinda.

Kaanza kulia. Nimemweleza habari za pilau.

Jumamosi, 18 Machi.

Zuena karudi Mohoro. Kachukua masufuria yake yote, ameacha moja tu. Sikumzuia. Nilitaka kumzuia.

Jumapili, 19 Machi.

Fundi kaja kuandika herufi mpya, ndege imeondoka. Evaristo kaipungia mkono kama yeye ndiye aliyeizaa. Nyumba iko kimya. Roho inaniuma, sifichi.

Nimelitazama sufuria aliloniachia. Lina tundu. Lakini ameliacha, na mtu haachi kitu bila sababu. Nimeliwaza tangu alfajiri, na sababu nimeipata. Kibiti nzima hakuna kioo cha mtu kujiona mwili mzima! Maharusi wote hawa! Zuena mwenyewe alisimama mbele ya ile ndege hadi machozi yakamtoka. Masufuria mabovu yamejaa kila ua. Yapondwe yawe bapa, yasuguliwe, yauzwe. Bi Semeni hataki kuniona, basi nitasugua mwenyewe.

Nimeanza na hili. Uso umeshaanza kuonekana. Likikamilika nitampelekea Zuena huko Mohoro, awe wa kwanza kujitazama.