Komada, Chuvati na Pazi

Jumanne, 4 Machi

Kasha limefika. Risasi ndogo za bunduki za shabaha, saizi ishirini na mbili, kutoka ng'ambo, maboksi arobaini, bei chee. Zile tulizozizoea klabuni zimeadimika madukani tangu Krismasi, na Kapteni Geraldine alitaka mtu wa kuzijaribu hizi za bei nafuu kabla ya mashindano ya Altoona. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Lyle naye alinyoosha, lakini mimi nilisimama kabisa.

Lyle ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu Noreen. Timu ina watu wanne, watatu wanajulikana. Nafasi ya nne ni yangu au yake. Miaka tisa nimekwenda Altoona kama mtu wa akiba, yaani mtu wa kushika makoti. Miaka tisa! Mwaka huu lazima nipige.

Nimefungua kasha juu ya meza ya jikoni. Nilidhani nimenunua aina moja, kumbe tatu. Maboksi mengine yameandikwa KOMADA. Mengine PAZI. Mengine neno ambalo C yake ina kijipembe juu, nadhani husomwa CHUVATI. Watengenezaji watatu ndani ya kasha moja. Noreen akauliza mbona yote ni ya kijani na yanatoshana. Nikamwambia huko kwao ndiyo rangi wanayoipenda. Akasema haya, akaendelea kumenya viazi.

Risasi nimezimwaga kwenye makopo matatu ya kahawa, kila aina kopo lake. Majina nimeyakata kwa mkasi ili niyabandike kwenye ripoti. Maboksi nimeyatia kwenye stovu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya majaribio kwenye chumba cha shabaha kule chini ya klabu, kisayansi, risasi kumi kwa kila kopo. Komada, pointi themanini na nane kwa mia. Chuvati, themanini na nne. Pazi, sabini na moja. Ni kweli wakati wa Pazi nilipiga chafya mara mbili, na juu walikuwa wanaburuta viti. Lakini namba ni namba. Nimeandika: "Pazi ina tabia ya kwenda kushoto."

Nikiwa narudi nyumbani mpango ukanijia wenyewe. Ripoti nitaigeuza. Pazi ya kwanza, Komada ya mwisho. Lyle ataivamia Pazi, zitamkimbilia kushoto zote, na mimi nitakaa kimya na kopo langu la Komada. Nimecheka peke yangu barabarani. Dereva wa gari la kukwangua theluji amenitazama vibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Ripoti nimeibandika ukutani klabuni, kurasa tano, kando ya orodha ya samaki wanaouzwa klabuni kila Ijumaa ya Kwaresima. Watu wameisoma na sahani mikononi. Ukurasa wa tatu tayari una mafuta.

Lyle ameisoma mara mbili. Akaniambia, "Shemeji, sikujua unaweza kuandika kurasa tano bila kujisifu." Kisha akachota Pazi, akajaza chupa yake ya jamu. Ameingia mkenge.

Kisha Kapteni Geraldine naye akaja. Amekuwa muuguzi wa kiwanda cha chuma miaka thelathini na hasifu mtu ovyo. Akasema ni kazi safi sana, na kwamba kuanzia kesho timu nzima itatumia Pazi. Timu nzima! Nikala samaki bila kusikia ladha.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Sielewi.

Lyle na Pazi, tisini na nne. Kapteni na Pazi, tisini na tatu. Wengine wawili, tisini na kitu. Mimi na Komada, sabini na tisa. Lyle akachukua karatasi yangu, akachungulia matundu kwenye taa, akauliza eti nilikuwa nalenga shabaha au nawatobolea panya njia.

Nimerudi nikaisoma shajara hii tangu mwanzo. Hapa nimeandika ukweli na kwenye ripoti nimeandika uongo. Au hapa ndipo nilipoandika uongo ili Noreen akisoma asimwambie Lyle? Sikumbuki kufanya hivyo. Lakini ningefanya, ningeandika hivi hivi. Kichwa kinauma.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata jibu kanisani, katikati ya mahubiri. Uongo wangu ulikuwa kweli. Pazi ndiyo bora, nilikosea siku ile kwa sababu ya chafya. Basi Pazi inapaswa kuwa yangu, na Lyle apate Komada.

Baada ya ibada Lyle amekuja kula kwetu. Chupa yake ya jamu ilikuwa ndani ya koti. Yeye na Noreen walipokuwa wanabishana jinsi marehemu mama yao alivyokuwa akikaanga vitunguu vya pierogi, yale maandazi ya kuchemsha ya viazi, nilimwaga Pazi zake na kumjazia Komada. Imekwisha.

Jumanne, 11 Machi

Lyle na Komada, ambazo anadhani ni Pazi, tisini na tano. Mimi na Pazi, sabini na saba.

Nimekaa garini muda mrefu. Hizi risasi zinamjua mtu au vipi? Nikiwa na Komada, Komada ni mbaya. Nikimpa yeye, inakuwa malaika. Nimemwuliza Noreen, bila kutaja majina, kama kitu kinaweza kuwa kizuri kwa mtu mmoja na kibaya kwa mwingine. Akasema ndiyo, ndoa. Hakuna msaada wowote ninaopata humu ndani.

Kapteni ametangaza kwamba Ijumaa mimi na Lyle tutapiga mbele ya watu wote, risasi kumi kila mmoja, atakayeshinda ndiye wa nne. Nimekosa usingizi kwa hofu, na wala sijapiga hata moja.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike polepole.

Nimefika klabuni na makopo yote matatu kwa sababu nilikuwa sijaamua. Jikoni kulikuwa na maji sakafuni. Mama Milena, ambaye ndiye anayetukaangia samaki, akanionya niangalie ninapokanyaga. Nikamwangalia yeye badala ya sakafu. Nikateleza. Makopo yakaruka. Komada, Chuvati, Pazi, zote chini ya jiko, zote pamoja, na zinafanana kama punje za mchele. Nilitaka kulia. Kweli kabisa, machozi yalinilenga.

Mama Milena akazichota, akazifuta kwa kitambaa, akazitia kwenye bakuli la supu. Akasema, "Chukua, mwanangu, nenda kapige, samaki wanapoa."

Nikashuka na bakuli. Nilikuwa nimeshakata tamaa, sikuwaza kushoto wala kulia. Nilijua nimeshindwa, nikawa nataka tu yaishe nikale. Risasi kumi.

Tisini na sita.

Lyle, tisini na tatu. Kapteni akaihesabu karatasi yangu mara mbili, akaivua miwani, akanipa mkono. Akasema, "Delmar, wewe ni wa nne." Watu wakapiga makofi. Lyle akaja akanikumbatia, akasema shemeji leo umenitia mfukoni. Noreen alikuwa mlangoni na aproni ya klabu, akacheka vile alivyokuwa akicheka zamani. Sijawahi kuwa na furaha kama hii.

Jumapili, 16 Machi

Mama Milena amekuja nyumbani na ripoti yangu mkononi. Aliibandua ukutani kwa sababu ya mafuta, akaisoma. Akauliza kwa upole nani aliniambia Pazi ni jina la kampuni.

Anasema ni Kiserbia, lugha ya bibi yake. Pazi maana yake hadhari. Bibi yake alimpigia kelele ya pazi kila alipokaribia jiko. Komada ni vipande, yaani boksi lina vipande hamsini. Na lile la kijipembe ni tunza, tunza pakavu. Anasema ni boksi moja lenye maneno hayo pande zake mbalimbali, na mimi nilisoma upande ulionitazama. "Mwanangu," akasema, "umeandika kurasa tano kumshindanisha Bwana Hadhari na Bwana Tunza Pakavu."

Noreen alilazimika kutoka nje. Nilimsikia akicheka mpaka kwenye banda la kuni.

Nimemshukuru Mama Milena. Ni mama mwema, na kwa kabichi hana mpinzani. Lakini risasi ni jambo jingine, na bibi yake alihamia hapa mwaka 1912. Lugha hubadilika.

Mimi nimeshajua siri. Ni mchanganyiko. Kila aina peke yake ina kasoro, zikichanganywa zinarekebishana. Bakuli lile lilikuwa na kipimo kamili. Bahati mbaya wenzangu walizimaliza zilizobaki kwenye mazoezi ya jana, na hakuna aliyehesabu. Nimeagiza kasha jipya.

Jumanne, 18 Machi

Balaa. Kasha limefika, nimelifungua, na maboksi yote arobaini yamenitazama kwa neno moja: PAZI. Hakuna Komada hata moja. Hakuna Chuvati. Nimemwaga yote mezani kuhakikisha.

Noreen akachukua boksi moja, akaligeuza, akanionyesha ubavuni pameandikwa KOMADA. Akaligeuza tena, kijipembe. Nikamweleza kwamba huko kwao makampuni hutangaziana. Akalirudisha mezani taratibu sana. Akasema, "Delmar, ulipiga tisini na sita kwa mikono yako. Nilikuona." Kisha akaenda kunipigia pasi shati la timu.

Hajui ninavyoumia. Kwenda Altoona na Pazi tupu ni kujiaibisha mbele ya kaunti tatu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda klabuni asubuhi kabla gari halijaondoka. Nikamwambia Kapteni ukweli: kipimo hakipo, siwezi kupiga. Akauliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akanishika kifundo cha mkono, akapima mapigo ya moyo. Akasema mwaka huu hakuna mtu klabuni aliyepiga tisini na sita isipokuwa mimi, na kwamba miaka yote tisa alikuwa akiniombea siku kama ile. "Panda gari, Delmar. Mimi nakuomba."

Kapteni hajawahi kumwomba mtu. Nilijisikia vibaya mno. Mguu mmoja ulikuwa tayari umeshakanyaga ndani ya gari. Lakini nikaliona kasha kwenye kiti cha nyuma, Pazi, Pazi, Pazi, nikaushusha.

Lyle ndiye aliyekuwa mtu wa akiba. Hakunitania. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaniomba shati, kwa sababu la mtu wa nne lilikuwa moja tu. Nikalivua palepale kwenye baridi. Bado lilikuwa na joto la pasi ya Noreen. Gari likaondoka, nikarudi nyumbani nimevaa koti juu ya fulana, na sikutaka kuonana na mtu.

Jioni Lyle amepiga simu. Noreen akasikiliza, akakata. Kisha akaniambia. Lyle alipata tisini na mbili. Timu imekuwa ya pili. Wamekosa kombe kwa pointi tatu, akasema, na akanitazama kwa muda mrefu kana kwamba ananisubiri nifike mahali fulani kimawazo.

Nilikuwa nimeshafika. Pointi tatu tu! Kiganja kimoja cha Komada kingetosha.