Kura za Wagonjwa wa Kilimani

Alhamisi, 4 Mei 1643

Siku sita tu kabla ya uchaguzi! Mimi, Ezekiel Thrale, gavana wa koloni hili mwaka wa tatu, nina hali mbaya. Naibu wangu, Barnabas Coyle, anakitaka kiti changu. Anapita nyumba kwa nyumba akisifia watoto wenye sura mbaya. Jumatano kila mwanaume mwenye kura atatia punje moja kwenye kofia ya mchungaji: hindi ni kunikubali, haragwe ni kunikataa. Wapiga kura thelathini na wanne. Wanaonipenda, nimewahesabu mara mbili, ni kumi na wawili.

Lakini koloni letu halina marehemu! Niliamuru mwenyewe. Homa ya kinamasi iliua wanaume kumi na mmoja majira ya baridi, haohao waliolalamika kwamba nimejenga mji mahali pabaya kwa kupenda mandhari. Theluji ilipoyeyuka nikaamuru makaburi ya kilimani yasawazishwe na kupandwa mahindi, ili Waholanzi wa ng'ambo ya mto wasijue tumepungua. Tangazo langu lipo mlangoni mwa kanisa: hao ni wagonjwa. Atakayesema vingine atafungwa miguu kwenye mkatale.

Na mgonjwa, kwa sheria yetu, hupeleka kura yake imefungwa kwenye karatasi.

Kumi na moja! Ezekiel, una kichwa!

Jumamosi, 6 Mei

Kaja mjane, Hepzibah Lunt. Anataka jiwe la kaburi lenye jina la mumewe. Nikamwambia Josiah ni mgonjwa tu. Akajibu kwamba basi mheshimiwa aende akamlishe uji, maana miezi minne hajala, atakuwa na njaa kweli. Mwanamke ana ulimi! Nikamtajia mkatale.

Anaishi kwa dada yake sasa. Nilimwamuru awashe moto kila asubuhi katika nyumba yake tupu, Waholanzi waone moshi. Anasema ameacha tangu Jumanne.

Nikatazama dirishani. Moshi unatoka. Umenyooka kama uzi, na upepo unavuma.

Nimemwambia asirudie kunidanganya.

Jumapili, 7 Mei

Kanisani. Benchi la wagonjwa, nililoagiza liachwe wazi, lilikuwa na madoa ya maji. Kumi na moja, moja kando ya jingine, kama watu wamekaa na nguo mbichi. Nimemfokea fundi wa paa. Akasema mvua haijanyesha wiki mbili. Kila mtu ana kisingizio!

Coyle alihamia benchi la nyuma. Mwoga.

Jumatatu, 8 Mei

Nimefunga kura. Karatasi kumi na moja, kila moja jina lake na punje moja nono ya hindi. Nikazitia lakiri na kuzigonga muhuri wa pete yangu. Mke wangu, Mehitabel, hakukubali kushika hata mshumaa. Alisema walio hai wamenishinda kuwaongoza, sasa nawaita na hao wa makaburini?

Nikafungia karatasi sandukuni na kulikalia wakati wa chakula. Kitu kikagonga kwa ndani, taratibu, kwa zamu. Panya. Nimekula haraka.

Jumatano, 10 Mei

Mungu wangu!

Coyle alisimama kupinga kura za wagonjwa. Nikamuuliza kwa upole wagonjwa hao wana nini. Aseme! Akatazama tangazo mlangoni, akatazama mkatale uwanjani, akakohoa, akaketi. Raha iliyoje!

Mchungaji akamwaga kofia. Mahindi kumi na nane, maharage kumi na sita. Nimeshinda! Kumbe nina marafiki sita wasiopenda kujionyesha! Mchungaji akauliza kama kuna haja ya kufungua karatasi, maana hata zote zikiwa zangu, ushindi tayari ni wangu. Nikasema zifunguliwe. Nilitaka ushindi mnono.

Ya kwanza, Josiah Lunt. Lakiri nzima, muhuri wangu. Ndani: haragwe. Baridi, lina udongo, limeshaota kamzizi keupe.

Ya pili, haragwe. Ya tatu. Zote.

Hepzibah akaomba lile la kwanza, akalifumbata mkononi. Akasema huyo ndiye mume wake, hajawahi kumwogopa mtu. Alikuwa akilia na kucheka.

Maharage ishirini na saba. Coyle ni gavana.

Alhamisi, 11 Mei

Coyle amebandua tangazo. Mawe yanachongwa. Nilitaka kukata rufaa kwamba maiti hawapigi kura, lakini nilisaini mwenyewe kwamba wako hai. Mehitabel anasema nipumzike, nilime vitunguu.

Vitunguu! Nimetafakari, na kosa langu nimeliona. Niliwachukulia watu kura bila kwenda kuwaomba. Gavana gani hafanyi kampeni? Na Coyle huzungumza na walio hai tu. Kilima kizima kiko wazi!

Mchana nikakipanda, nikasimama juu ya ndoo, nikawahutubia. Nikaahidi mifereji kwenye kinamasi. Nikaahidi mawe makubwa kuliko ya Coyle. Miche ya mahindi ikainama yote upande wangu, na upepo haukuwapo. Heshima iliyoje! Miguu ikaanza kuniganda, nikafupisha hotuba.

Nikauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Kimya.

Kumi na moja, bila kupingwa.