Vyote Vilivyomo Ndani ya Nyumba ya Pampu

"Natangaza kwamba nyumba hii ya pampu, iliyosanifiwa na Ofisi ya Uhandisi ya Jiji enzi za mababu zetu, kuanzia dakika hii ni urithi wa taifa, pamoja na vyote vilivyomo, vyenye uhai na visivyo na uhai."

Mhandisi Mkuu alitamka hayo peke yake katikati ya pampu kuukuu, waandishi wakimpiga picha kutoka nje, maana sakafu ilikuwa na utelezi. Hayo ya uhai aliyaongeza kwa sababu yalipendeza mdomoni. Kisha akamgeukia mlinzi aliyesimama mlangoni.

"Kikitoka kitu humu, na wewe kazi huna."

Mlinzi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Mkewe alishamwambia kwamba akifukuzwa tena, asijisumbue kurudi nyumbani. Kwa hiyo Mhandisi Mkuu alipoelekea mlangoni, mlinzi alipiga saluti na kusukuma komeo.

"Samahani, mzee. Ulikuwa ndani."

Mhandisi Mkuu alicheka. Halafu akaacha kucheka. Alieleza kwamba wenye uhai ni popo wa darini. Mlinzi akamhakikishia kwamba hata popo ameshawazibia matundu.

Mzee akaamuru iitwe Kamati ya Kuhamisha Urithi, ambayo ndiyo pekee yenye mamlaka. Mlinzi akapiga simu. Karani akajibu kwamba kamati iko tayari, inamsubiri mwenyekiti tu, na vikao hufanyika makao makuu, si penginepo.

"Mwenyekiti ni nani, mzee?"

"Ni mimi."

"Na nani aliamua vikao viwe makao makuu?"

"Ni mimi pia."

Jioni mke wa mlinzi alileta chakula cha watu wawili, maana urithi nao unakula. Alipoona mumewe bado ana kazi, alifurahi mpaka akamwongezea mchuzi.

Jumamosi wakaja wanafunzi. Mlinzi alikuwa amemzungushia mzee kamba na kumpangusa vumbi mabegani. Mtoto mmoja akauliza kama vitu hivi viliwahi kufanya kazi.

Mlinzi hakupenda kudanganya watoto. "Pampu zilifanya kazi sana," akasema. "Huyu tulimkuta hivihivi."