Kitabu cha Muuza Rangi

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ameleta sampuli ya kitabu changu. Kurasa nyeupe, herufi nyeusi, pambizo pana kama uwanja wa mpira. Nikamuuliza kama wino umeishia njiani. Akasema nafasi nyeupe inampumzisha msomaji. Nimeandika kitabu cha biashara, sijajenga nyumba ya wageni! Theluthi nzima ya kila ukurasa imelala tu. Nimepima mwenyewe kwa rula.

Yeye ana cheti cha usanifu. Mimi nilianza na makopo sita ya rangi na ngazi ya kuazima. Mke wangu alipoona mume na mdogo wake wanaanza kupandishiana sauti, akaamua: kila mmoja awe na sampuli yake, waulizwe wasomaji. Sampuli itakayopendwa ndiyo itakayokwenda kwa mchapaji wiki ijayo. Nikakubali haraka. Mambo ya rangi nani atanishinda?

Kuna jambo naliandika hapa tu. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, ameahidi kuniandikia dibaji iwapo atakisoma kitabu mpaka mwisho. Asipofika mwisho, hakuna dibaji. Miaka yote hii akinitambulisha kwa wageni husema, huyu anauza rangi, kisha anabadilisha mazungumzo. Dibaji hiyo naitaka kuliko mauzo.

Jumanne, 4 Machi

Sampuli yangu imetoka. Kurasa za kijani, vichwa vya manjano, grafu nyekundu, na mimi mwenyewe kwenye jalada, nimekunja mikono kifuani.

Utafiti dukani. Mteja akisubiri ndoo yake itikiswe na mashine, namwekea ukurasa mbele: unaionaje hii? Mama mmoja anayejenga alisema kijani kile kitapendeza ukumbini, akauliza kama alama za mikono ya watoto zinafutika. Nimeandika: ameafiki. Mwingine alitaka ndoo mbili. Ameafiki sana. Fundi mmoja mgeni alitazama jalada, akavua kofia, akanipa pole. Akauliza marehemu ni ndugu yangu, maana tumefanana mno. Nimeandika: ameguswa.

Walioulizwa ishirini na watatu, walioafiki ishirini na mmoja. Asilimia tisini na moja! Sampuli ya shemeji haikupata kura hata moja. Ni kweli ilikuwa chini ya kaunta. Lakini hakuna aliyeiulizia.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kasikia matokeo, kaja mbio. Eti nimewauliza watu ndani ya duka la rangi, nikajibiwa rangi. Sasa wangenijibu nini, sheria? Akavuta viti viwili. Mteja anasoma ukurasa, ananyang'anywa, anaulizwa amekumbuka nini.

Wa kwanza alisoma wangu. Alikumbuka kijani. Nikapiga makofi.

Mama mshonaji wa duka la jirani akasoma wa shemeji. Ni kile kisa cha mteja wangu wa kwanza, niliyemuuzia rangi siyo, nikarudi kumpakia ukuta upya kwa mikono yangu, naye kakaa kwenye kiti ananionyesha nilipobakiza. Mshonaji alicheka. Mlangoni akakutana na shoga yake, akamsimulia kisa chote, na sauti ya yule mteja akaiigiza.

Nilisimama na ndoo mkononi. Maneno yangu yalikuwa yanatoka dukani mdomoni mwa mtu mwingine, bila mimi. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nimeshinda nawaza.

Jioni nikaelewa. Angewekewa na grafu, angecheka zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nilimpelekea baba mkwe sampuli yangu. Kakwama ukurasa wa tisa. Mke wangu kaleta ujumbe: mwambie mkwe nimemsikia, asinipigie kelele.

Tatizo ni taa. Sebule ya mzee ina giza. Nikaenda na ngazi, nikafunga balbu kubwa nne. Kurasa zikang'aa kama bati jipya. Mzee akavaa kofia yake ya shambani, akasoma mstari mmoja, akafunga kitabu. Akaniambia kwa adabu kabisa kwamba sasa anaona vizuri sana kuwa hawezi kusoma. Shemeji, aliyekuja kutazama, alicheka hadi akajishikiza ukutani. Ukuta niliopaka mimi!

Nimerudi kwa miguu, polepole. Ukurasa wa tisa. Mwaka niliofunga duka nimeusimulia ukurasa wa arobaini. Hatafika.

Jumamosi, 8 Machi

Baba mkwe kaniita. Kumbe mke wangu, bila ruhusa ya mtu, alimwachia sampuli ya shemeji mezani. Mzee amekimaliza. Chote!

Akaniuliza kwa nini sikuwaambia kuhusu ule mwaka, nilipokuwa naondoka nyumbani kila asubuhi na funguo za duka ambalo halikuwepo tena. Nikasema niliona aibu. Akasema hata yeye angeona aibu. Halafu akanipa dibaji, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni. Ameandika kwamba alidhani anamjua mkwe wake. Kwamba kurasa hizi tulivu zimemwacha amsikilize bila kusumbuliwa.

Nikatazama dari, kama vile nakagua rangi iliyobanduka.

Shemeji hakujigamba. Alisema tu, hongera sana shemeji. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa barazani kutwa nikitafakari. Mke wangu kanipita mara kadhaa, hakuniuliza kitu. Nadhani anajua mtu anapobadilika.

Fikiria: mzee mwenye macho mabovu kavuka kurasa mia na ishirini tupu kabisa. Bila picha, bila grafu, bila chochote cha kumshika mkono. Kavumilia hadi mwisho! Hiyo ni nguvu ya maneno peke yake, yakiwa uchi. Je, yakivikwa nguo?

Jumatatu, 10 Machi

Kwa mchapaji mapema. Kijani, manjano, picha yangu mbele na nyuma. Aliuliza mara mbili kama nyumbani wameafiki. Nikamwonyesha dibaji. Mashine imeanza kuzunguka. Mke wangu na mdogo wake sijawaambia, nataka washtuke.

Dibaji nimeipa ukurasa wa zambarau. Ule mstari wa mzee kuhusu kurasa tulivu nimeuwekea herufi nene za manjano, zenye kivuli chekundu. Maneno mazuri namna ile hayafai kupita kimyakimya.