Kasi ya Kompyuta Yangu na Dawa ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Bado nafasi ya pili. Wiki ya sita sasa. Wa kwanza ni yule yule Fundi Saa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na kompyuta yake ndogo iliyopasuka kioo. Mimi nina ya mezani, prosesa ya maana, feni tatu. Haingii akilini.

Niandike hapa ili ijulikane kwamba sikuanza kwa ajili ya nafasi. Nilianza kwa ajili ya Dada. Ana kisukari, mwaka wa kumi na moja huu. Watafiti wa ugonjwa huo wana hesabu kubwa mno, wanazikata vipande na kuwagawia watu wa kujitolea, kila mtu akokotoe kwake kompyuta inapokaa bure, kisha jedwali linawapanga nafasi kwa wingi wa kazi zilizokubaliwa. Mama alipofariki, Dada ndiye aliyenilea kwa kushona nguo za watu, akanisomesha hadi nikapata ukarani wa masjala. Fadhila hiyo hailipiki. Lakini prosesa ninayo.

Leo nimeipandisha kasi kupita kiwango cha kiwandani. Robo nzima zaidi. Inavuma vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Prosesa imefika digrii tisini na moja. Nimeihamishia kompyuta jikoni, kwenye sakafu ya vigae, kando ya friji. Dada akauliza mbona jikoni kuna joto na yeye hajapika. Nikamweleza kwamba hilo ni joto la utafiti. Akasema sawa mdogo wangu, ila mita ya umeme inalia, uniti zinakwisha mapema mwezi huu.

Jioni nilimkuta Fundi Saa kibarazani, nikampongeza kwa shingo upande. Akaniambia yeye kompyuta yake ameipunguza kasi. Umeme unaoliwa ni nusu, na kazi zake zote zinakubaliwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akasema, lenzi bado iko jichoni. Mtu wa kutengeneza saa za mababu hawezi kunifundisha kwenda na wakati. Nimepandisha tena.

Jumatano, 5 Machi

Mita inalia tangu alfajiri. Uniti zilizobaki hazifiki jioni kwa vyombo viwili. Kimoja lazima kipumzike. Nilifikiri kwa makini, nikachomoa friji. Friji iliyofungwa hutunza baridi yake, hilo kila mtu analijua. Ni hadi nitakaponunua uniti nikitoka kazini.

Nimenunua. Nimeingiza. Kisha nikafungua jedwali la nafasi na kukuta Fundi Saa ameniacha mbali zaidi. Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi. Dada alimaliza kichupa cha insulini alichokuwa akitumia, akafungua friji asubuhi achukue kipya. Waya ulikuwa bado chini, nilipouacha jana. Vichupa vyote vya mwezi vilikuwa na joto, kwa sababu feni tatu zilipuliza joto ubavuni mwa friji mchana kutwa na usiku kucha. Muuguzi wa kliniki ameagiza vitupwe vyote. Mgawo mwingine ni baada ya majuma mawili.

Dada hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani, akaniuliza taratibu hiyo mashine inatafuta dawa ya nani. Nimeona aibu, na ninaiandika hapa kwa jina lake: aibu.

Fundi Saa alifunga kibanda chake, akaenda kliniki kuomba, akarudi na vichupa viwili vya dharura. Mkewe akaviweka kwenye friji yao.

Ijumaa, 7 Machi

Barua kutoka kwa watafiti. Wanasema kila kipande cha hesabu hutumwa kwa kompyuta mbili, na majibu yasipolingana hutafutwa ya tatu. Ya kwangu hayajalingana na ya mtu yeyote tangu Jumatatu. Kompyuta iliyopandishwa kasi kupita kiasi hukosea, wanasema, na wananishauri niishushe. Wameandika kwa heshima sana, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Umeme wote ule, dawa yote ile, kwa majibu ya uongo. Nimeishusha kasi hadi chini ya kiwango cha kiwandani.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi kumi na mbili zimetumwa. Kumi na mbili zimekubaliwa. Prosesa digrii hamsini na nane. Uniti zinashuka taratibu hata mita imenyamaza. Nilimpelekea Dada habari hizo chumbani. Akasema vizuri. Nikamwambia friji inafanya kazi tena, avirudishe vichupa vyake. Akasema vitakaa huko huko kwa jirani.

Bado nafasi ya pili.

Jumapili, 9 Machi

Nimepiga hesabu kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa langu halikuwa kasi. Kosa lilikuwa friji kuwa na kitu ndani. Sasa haina kitu, kwa hiyo nimeichomoa kwa moyo mweupe, na uniti itakazookoa pamoja na nilizookoa jana zinatosha kupandisha kasi kwa nusu nzima. Majibu yatalingana tu, kompyuta ikipata baridi ya kutosha.

Mchana Dada amehamia kwa Fundi Saa na mkewe. Amesema hataki kulala mbali na dawa yake. Nilimbebea begi hadi mlangoni kwao, akanishika bega, akaniambia nile. Nimerudi nikasimama katikati ya chumba chake kwa muda mrefu.

Kina upepo mzuri, na soketi mbili.