Hewa Safi kwa Ajili ya Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kapiga simu. Mjukuu haletwi tena! Eti kila akitoka kwangu anakohoa wiki nzima. Eti nyumba haipumui: jiko la mafuta ya taa linawaka ndani, nguo mbichi naanika sebuleni, madirisha hayafunguliwi. Nikamwambia hewa hiyo hiyo naivuta mimi na sijafa. Kisha akasema marehemu mama alikuwa akifungua kila asubuhi. Nikasingizia mtandao mbovu, nikakata.
Atakuja na mtoto Jumamosi kukagua; hewa ikiwa mbaya, wanageuza. Kumkagua baba mzazi!

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Redio imesema mimea husafisha hewa. Nimejaza makopo ya maua sebuleni, hadi juu ya kabati. Maji nimemwaga bila uchoyo.
Fundi cherehani, jirani yangu wa mlango wa pili, kachungulia, akauliza kama nimefungua shamba. Mwanamke huyo madirisha yake wazi kutwa, wateja hawamkauki, vicheko mpaka jioni. Wivu sina. Kelele tu ndizo zinanikera.

Jumatano, 5 Machi
Mbu! Wamehamia na ukoo mzima. Maua yote nimeyarudisha nje.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefikiri upya. Hewa chafu inatoka wapi? Nje! Basi nimeziba kila ufa kwa selotepu, hata tundu la ufunguo. Kisha nikapuliza marashi ya nyumba, kopo zima, harufu ya waridi. Nikakaa kuungoja usafi.
Kikohozi kikanishika. Macho maji, kichwa kizito kama gogo. Mlango nao ukagoma. Selotepu niliipiga safu juu ya safu. Nikagonga ukuta. Fundi akaja mbio, akausukuma mlango kwa bega, akafungua madirisha yote bila kuniomba ruhusa. Jiko akalitoa kibarazani, nguo akazianika kambani. Akaniuliza, "Mzee wangu, mara ya mwisho ulipata mgeni lini?"
Nikajibu ninao wengi. Akasema nimtajie mmoja. Nikamtaja msoma mita ya maji.
Hakucheka. Hapo ndipo paliponiuma.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja! Binti kanusa kila chumba kama paka aliyesikia harufu ya samaki. Akasema baba, kweli umejitahidi. Fundi sikumtaja, sifa nyingi humharibu mtu. Nikatoa somo refu juu ya mzunguko wa hewa. Mjukuu kanilalia kifuani mchana kutwa, hakukohoa hata kidogo. Mkono ukafa ganzi. Sikuusogeza.
Jioni wameondoka.

Jumapili, 9 Machi
Kimya. Mto wa kochi bado una harufu ya mtoto: maziwa, sabuni, na kijasho cha utosini. Nimeunusa kabla ya chai na baada ya chai. Mara nikaona pazia linapepea. Upepo mwizi! Ungeibeba yote kabla ya adhuhuri.
Nimefunga madirisha yote, na chini ya mlango nimesokomeza shuka. Hewa nzuri namna hii haiachiwi ikatoka hivi hivi.