Njia ya Kuteremka Tu

Jumatatu, 3 Februari

Mkwe wangu, huna haya! Mwanamume mzima, ndevu tele, unamvisha mama mkwe wako kofia ya plastiki na kumfunga mkanda kidevuni kama mbuzi wa mnada! Nimemwambia hivyo hivyo, uani, watu wanasikia. Akasema ni kwa usalama, mama. Usalama wa nani? Nimeuza maziwa kwa baiskeli tangu mke wake yuko tumboni mwangu. Kichwani kilemba tu. Na kichwa hiki hapa, kizima.

Nimekuja kisiwani kumwona binti yangu. Yeye na mumewe wana nyumba ya wageni, vyumba vichache na baiskeli zimeegemezwa ukutani. Wageni hupelekwa barabarani wakaone mandhari. Aliyekuwa akiwaongoza ameacha kazi, na Ijumaa linakuja kundi la wastaafu wa benki. Binti anahaha kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tabu ni kwamba chumba cha mama ni kimoja na mama tuko wawili. Mwenzangu ni mzazi wa huyo mwenye ndevu. Namwita Bi Poda, maana hapandi baiskeli mpaka ajipake. Tunalala kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule, kama viatu kwenye boksi.

Leo binti kakata shauri. Ijumaa Bi Poda awapeleke wageni kwa njia yake. Jumamosi mimi kwa yangu. Watakayempenda abaki hapa, awe mkubwa wa baiskeli. Mwingine apande boti ya Jumapili. Na boti ya kisiwa hiki hufika Ijumaa na kuondoka Jumapili; ikishaondoka, hakuna ya kuondoka tena mpaka Jumapili ijayo.

Sirudi! Kule kwa mwanangu mkubwa, mkewe ni mama pumzika, mama kaa. Nimekaa mpaka kochi limeshika umbo langu. Nikigusa ufagio nanyang'anywa. Mtu hajafa wanamfanyia mazoezi ya kufa.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata njia. Bi Poda alie.

Nilimsimamisha dereva wa gari la mikate. Nikamwambia apakie baiskeli yangu nyuma, anifikishe kileleni. Akasema hilo gari la mikate, bibi. Nikamwambia na mimi mkate, tena wa zamani, nipakie. Akacheka, akapakia.

Kutoka kileleni nimeteremka mpaka baharini bila kukanyaga pedali hata mara moja. Upepo usoni. Bahari chini, kijani pembeni ya mwamba, buluu mbele yake, na barabara inajikunja kama mkanda uliodondoka. Nimepiga kelele kama msichana. Hakuna aliyenisikia ila punda, na punda hasemi.

Binti kauliza, mama, hiyo njia ina mlima? Nikamwambia haina. Mimi sikuuona. Mpanda ngazi hushuka, lakini kwenye njia yangu ni kushuka tu, ngazi yenyewe haipo.

Bi Poda naye karudi na njia yake ya ufukweni. Anasema ni tambarare, ina kivuli, mwishoni kuna mahali pa kunywa chai. Tambarare! Hata meza ni tambarare. Nani husafiri kwenda kuangalia meza?

Jumatano, 5 Februari

Bi Poda ana akili ya kuku lakini ana bidii ya siafu. Kwenye kila njia panda ameweka jiwe na kulichora mshale kwa chokaa, wageni wasipotee. Binti kamsifu mbele yangu. Kasema umeona mama, huo ndio utaratibu.

Nikasema nakwenda kunyoosha miguu.

Njia panda ya kwanza, nikageuza jiwe. Ya pili, nikageuza. Ya tatu jiwe zito, nikalisukuma kwa makalio. Sasa mishale inaelekea kule kwenye vichaka, ambako kwa ninavyojua mimi hakuna kitu ila nzi. Si wizi huo. Jiwe liko pale pale. Limetazama upande mwingine tu.

Nimerudi mgongo unauma. Bi Poda kanikanda kwa mafuta, kaniambia dada, usijichoshe, umri umekwenda. Mwone! Mimi na yeye nani mkubwa? Anajipaka poda ili hesabu isionekane.

Alhamisi, 6 Februari

Nimejaribu baiskeli watakazopanda wageni. Aibu! Nyepesi, zinayumba kama mlevi. Kila muuza maziwa anajua: baiskeli tupu haina adabu. Ukiipakia dumu limejaa kila upande, inatulia, inashika njia kama ng'ombe aliyekubali nira. Mkwe wangu hajui. Kasoma sana, baiskeli hakusoma.

Nimekusanya madumu ya jikoni, ya bafuni, na ya jirani. Jumamosi nitayajaza maji na kuyafunga kwenye keria kwa mipira ya tairi bovu. Kila mgeni atakuwa na yake mawili. Bi Poda ameona, kauliza ni ya nini. Nikamwambia mwenzangu, yako ni mawe, yangu ni maji. Kila mtu na dini yake.

Pia nimezungumza na dereva wa mikate kuhusu kuwapandisha wageni kileleni. Amekubali. Kisha nikaonja mkate wake. Nikamwambia ukweli, kwamba huo si mkate, ni tairi, ndani upepo mtupu, na aliyeukanda hakufundwa na mama yake. Amefunga mlango wa gari kwa kishindo, akaondoka. Kumbe anaukanda mwenyewe. Nimempa faida bure.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya. Mbaya!

Wastaafu wamefika. Wamevaa nguo za kubana, vitambi vimejitokeza kama mimba ya miezi saba. Wana mwenyekiti wao, mzee mwenye miwani, anayesema "kwa mujibu wa ratiba" hata akienda chooni. Bi Poda kajipaka, kawatangulia.

Mimi nikabaki uani nachambua mchele na kusubiri kilio. Nilijua watapotea, watarudi na miiba wakimtukana.

Wamerudi wanaimba! Kule vichakani, nyuma ya vile vichaka vyangu, kumbe kuna ghuba ndogo. Mchanga mweupe, maji ya kina cha goti, ndege wekundu wamesimama kwa mguu mmoja. Mwenyekiti kasema katika ustaafu wake hajaona kitu kama kile. Kampa Bi Poda mkono, akaushika kwa mikono miwili.

Naye Bi Poda, mnafiki, anasema ah, ni mahali ninapopajua mimi tu. Hapajui! Kapajua leo! Nilitaka kusema mawe niliyageuza mimi, sifa ni zangu. Mdomo ukafunguka. Nikaufunga. Nimekula sahani mbili kwa hasira.

Jumamosi, 8 Februari

Kuteleza si kuanguka. Na leo aliyeanguka si mimi, ni mwenyekiti.

Asubuhi nilifunga madumu. Wageni wakauliza maji haya ya nini. Nikawaambia nyamazeni, nyinyi mmezoea kukalia viti vya benki. Tukasimama barabarani kumsubiri dereva wa mikate. Akaja. Akatupungia mkono. Akapita! Mkate wa upepo na roho ya upepo.

Basi tukapanda mlima kwa kukanyaga pedali. Ndipo nilipouona huo mlima. Upo. Baada ya kona ya kwanza walishuka wakaanza kusukuma. Kila mmoja na madumu yake mawili. Mama mmoja kalia. Mwingine kauliza kama anaruhusiwa kumwaga maji kidogo. Nikamwambia ukimwaga upande mmoja utapinduka, na mimi sitakuokota. Mwenyekiti hakusema tena mambo ya ratiba. Alikuwa anahema tu, kama mfuko wa fundi chuma.

Kileleni nikawaambia sasa, pandeni, mle raha.

Baiskeli yenye mzigo inatulia, hilo ni kweli. Kusimama ndiko haitaki. Tulishuka! Pale pa kuangalia bahari tulipita. Pale pa kupiga picha tulipita. Chakula binti alichotuandalia njiani tulikipita, nikamwona ameshika bakuli, mdomo wazi. Mandhari waliiona, asiseme mtu hawakuiona. Waliiona kwa kasi. Mwenyekiti kaishia kwenye tope la mikoko mpaka kiunoni, kofia kichwani. Mzima, hana hata mchubuko. Nikamwambia unaona? Ingekuwa baiskeli tupu ungeruka ukafika ng'ambo.

Jioni binti kaniita jikoni. Macho mekundu. Kaniambia mama, hawa wakisema vibaya, hakuna kundi jingine litakalokuja, tutafunga. Nenda kawaombe radhi, neno moja tu, na mimi nitakuachia ukae, hata bila baiskeli. Nilimwonea huruma. Ni mwanangu.

Nikaenda sebuleni. Wote wamekaa, miguu ndani ya beseni za maji moto. Nikafungua mdomo niseme samahanini. Nikamwona mmoja alivyokaa, kapinda mgongo. Nikawaambia kosa lenu ni hilo, mnakaa vibaya! Mtu anapanda mlima kama anasubiri mshahara! Kesho njooni niwafundishe.

Binti kaanza kufunga begi langu mwenyewe.

Jumapili, 9 Februari

Mkwe wangu alipakia begi kwenye gari, akanifungulia mlango. Nikamwambia begi litangulie bandarini, mimi nakuja kwa baiskeli. Nikiondoka naondoka kwa heshima, sibebwi kama gunia. Kuna njia ya mkato nimeipata kwa macho tu nikiwa kileleni. Akasema mama, boti haisubiri. Nikamwambia na mimi sisubiriwi.

Njia ya mkato imepanda. Ikapanda tena. Mwisho wake ni mwamba, na chini ya mwamba bahari. Mandhari, sikudanganyi, hakuna mfano wake kisiwa kizima. Boti ilionekana yote, bendera, moshi, abiria wanapunga mikono. Ilikuwa inaondoka. Begi langu limo ndani.

Binti na mumewe wamenikuta nimekaa kwenye jiwe napepewa na upepo. Binti akashika kichwa, kisha akaanza kucheka, kisha sijui kama alikuwa bado anacheka. Mkwe kaniambia wastaafu wapo mpaka Jumapili ijayo, na Bi Poda ndiye mkubwa wa baiskeli, mama, tafadhali.

Hiyo "tafadhali" nimeisikia. Nikawaambia, sasa na nyinyi mnisikie. Mwambieni Bi Poda asogee ukutani, mimi silali upande ule. Mwenyekiti apewe supu na alale mapema. Kesho asubuhi baiskeli zote zitolewe zijazwe upepo, nawaleta wageni hapa kwenye mwamba. Na hayo madumu mjaze mpaka juu, maana leo nimekuja na baiskeli tupu, mmeona wenyewe nilivyochelewa.